Upepo Niliomficha Kapteni Leokadia

Ilongero, alasiri

Zuhura mwanangu,

Nipo ghalani, nimekaa juu ya magunia ya alizeti, daftari nimelilaza gotini. Nakusikia uani ukicheka na mama yako mkibishana begi lifungwe vipi. Mambo ya vyeti, sweta, dawa ya tumbo na nani atakupokea, mama yako ameshakwambia mara tatu, mimi sina la kuongeza. Nikimaliza nitaitia barua hii chini kabisa ya mkoba wako, uikute basi likishapita Manyoni. Nimechagua Manyoni kwa sababu ukishafika pale hutashuka tena kurudi kunigombeza. Unaona mwenyewe baba yako ni mtu wa namna gani. Nimekaa jeshini miaka ishirini na minne, na naogopa kumwambia binti yangu jambo usoni.

Kuna hadithi umekua nayo. Nimeisimulia kwenye harusi, kwenye matanga, na barazani kwa mjomba wako kule Unyambwa kila Iddi. Siku mwanamke alipotubwagia ndege. Unajua ninavyoisimulia. Nanyoosha mikono kama mabawa, nayumba, nabana sauti iwe nyembamba: "Jamani, breki iko wapi?" Watu wanashika mbavu. Ulipokuwa na miaka mitano ulikuwa unakaa pajani kwangu, ukijua kabisa mahali pa kupiga makofi. Ulipofika miaka tisa uliniuliza, "Baba, kama ulimwambia upepo umegeuka, kwa nini hakusikia?" Nikakujibu kwamba wanawake hawasikilizi. Hukuniuliza tena.

Zuhura, sikumwambia upepo umegeuka.

Nataka niandike ilivyokuwa, na sitairemba.

Nilikuwa koplo, askari wa mawasiliano. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unatambaa. Kikosi chetu kilikuwa kwenye mazoezi ya miezi miwili porini, upande wa Itigi, na vitu vyetu vyote vililetwa na ndege ya mizigo ya jeshi: watu, mahema, mapipa ya mafuta, mahindi. Ilitua kwenye kiwanja cha changarawe tulichokisafisha wenyewe kwa mapanga. Kazi yangu ilikuwa kukaa na redio pembeni ya kiwanja, kufukuza ng'ombe wakiingia, na kumwambia rubani upepo unatoka wapi. Tulikuwa na mlingoti wenye mfuko wa kitambaa unaojaa upepo na kuonyesha unakoelekea. Nikiutazama, nasema redioni. Kazi rahisi kiasi hicho.

Ndege hutua ikiukabili upepo, ndivyo inavyopunguza mwendo. Upepo ukiwa mgongoni inafika chini ikiwa na kasi ambayo kiwanja kifupi hakiwezi kuimaliza. Haya utafundishwa na watu wanaoyajua kuliko mimi. Nayaandika ili ujue kwamba nami nilikuwa nimefundishwa. Sitaki uje unitetee kwamba baba hakujua.

Jambo jingine la kujua ni hili. Mimi nilitaka kuwa mtu wa ndege. Hata mama yako hajui. Niliomba mara mbili, nikakataliwa mara mbili kwa sababu ya hesabu. Mara ya pili ofisa mmoja alinirudishia karatasi yangu akasema, "Ntandu, wewe tafuta kazi ya chini." Alimaanisha ardhini, lakini wenzangu walilicheka neno lile miaka miwili. Basi nikapewa redio. Nikawa naongea na ndege badala ya kupanda.

Siku yenyewe, asubuhi ndege ilikuja na rubani tuliyemzoea, ikashusha, ikaondoka. Alasiri tukaambiwa inarudi na mzigo wa pili na watu. Tulikuwa watano pale kwenye hema la redio: mimi, mkubwa wangu Sajini Kibwana, na askari watatu waliokuwa wakisubiri kupakua. Redio ikakoroma, sauti ikatoka. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

Sajini Kibwana alisimama. "Ni nani huyo? Mpishi ameshika redio?"

Wote tukacheka. Halafu akataja cheo chake na jina, Kapteni Leokadia, akasema yuko dakika kumi na tano kutoka kwetu, akaomba upepo. Tulikuwa tumesikia kwamba yupo. Tulikuwa tumesema juu yake mambo ambayo sitayaandika kwenye karatasi utakayoishika wewe: alivyopata vile vyeo, na alivyovipata kwa nani. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona hata siku moja.

Nikautazama mfuko. Upepo ulikuwa wa mashariki, wa wastani. Nikamwambia hivyo. Akashukuru. Sauti yake ilikuwa imetulia, na nakumbuka utulivu ule ndio ulionikera. Nilitaka iwe na wasiwasi kidogo.

Askari mmoja akasema, "Atatua, au atatambaa?"

Mwingine akasema, "Akishuka tumpe ungo apepete."

Umezaliwa kwenye upepo wa huku, unaujua. Baada ya mavuno unaweza kuanika mtama upepo unatoka huku, ukigeuka kuchukua ungo umeshahama. Ndege ilipokuwa bado haijaonekana, upepo ukafa. Vumbi likashuka. Kisha ukaja mwingine kutoka magharibi, mkali, wa mikupuo, ukauzungusha ule mfuko ukakaa kinyume kabisa na nilivyomwambia. Niliuona. Sote tuliuona. Nikanyoosha mkono kwenye kitufe cha redio.

Sajini Kibwana akanishika mkono. Hakuubana, aliushika kama mtu anavyomshika rafiki yake. Akasema, "Mwache kidogo. Rubani si ana macho? Tuone walichomfundisha."

Nikautoa mkono. Sikulazimishwa, Zuhura. Niliutoa nikitabasamu.

Bado nafasi ilikuwepo, kwa sababu yeye mwenyewe aliuliza. Kutoka juu, kwenye vumbi la alasiri, mfuko ule uliopauka hauonekani mpaka umeshafika chini sana. Alilijua hilo, na hakutaka kubahatisha. Redio ikalia tena: "Upepo bado ni uleule?"

Wanne wakanitazama. Mmoja alikuwa ameziba mdomo ili asicheke kwa nguvu. Nikabonyeza kitufe, nikasema, "Bado ni uleule, mama."

Nilimwita mama, kwa makusudi. Kapteni anaitwa afande, awe nani. Nilisikia wenzangu wakipasuka kwa kicheko nyuma yangu, na nikajisikia mtu mkubwa. Nataka ulijue hili hasa. Sikuwa na hasira naye wala sikutaka mtu aumie. Nilifurahi. Nilidhani ndege itadunda kidogo, atatota jasho, tutapata cha kuongea jioni.

Ilikuja kwa kasi mno. Hata mtu asiyejua ndege angeona. Ilipita mwanzo wa kiwanja ikiwa bado juu, ikagusa chini katikati, kwa kishindo nilichokisikia kwenye meno. Ikadunda, ikainuka, ikapiga tena, tairi la kulia likapasuka. Bawa likainama. Niliona kwa macho yangu jinsi alivyopigana nayo. Ilitaka kupinduka, akairudisha, ikataka tena, akairudisha, mpaka ikaacha kiwanja na kuingia vichakani ikivunja miti, ikasimama ndani ya wingu la vumbi. Haikuwaka moto. Mle ndani mlikuwa na watu ishirini na kitu na mapipa ya mafuta, na haikuwaka. Miaka yote hii nimewachekesha watu kwa kutua kule. Ukweli ni kwamba hakuna rubani wa kiume niliyewahi kumjua ambaye ningemwamini aifanye ile ndege isimame wima siku ile.

Tulikimbia. Watu walitoka kupitia mlango wa nyuma, wengine wanakohoa, wengine wamevunjika mikono. Halafu nikasikia sauti ninayoijua ikilia ndani. Alikuwa Athumani.

Huyu unamkumbuka. Ni Baba Shukuru wa Ikungi, yule wa kiti cha magurudumu aliyekuwa akikuchongea vijiko vya mti. Tuliingia jando pamoja, tukaingia jeshini pamoja. Yeye alikuwa mpishi. Alitakiwa aje wiki iliyofuata, akaomba kutangulia ili apange jiko. Pipa lilikatika kamba likambana mgongo kwenye ubavu wa ndege. Sikujua kama yumo. Nimelala na hilo miaka yote, kwamba ningejua yumo ningesema upepo umegeuka. Ningesema upesi sana. Watu ishirini na mwanamke mmoja hawakutosha kunifanya niseme, lakini kwa Athumani ningesema.

Kapteni Leokadia alitoka wa mwisho. Alikuwa mfupi, mwembamba, mdomo unatoka damu. Hakumtazama mtu yeyote kwanza. Alisimama kwenye changarawe akautazama ule mfuko. Akautazama muda mrefu. Kisha akatembea moja kwa moja mpaka mbele yangu.

"Koplo, ulisema upepo unatoka wapi?"

Sajini Kibwana akajibu kwa niaba yangu. "Afande, alikwambia umegeuka. Tulikuwepo wote."

Akawatazama mmoja mmoja. "Wote mlisikia akisema?"

"Ndiyo, afande."

"Na wewe, koplo?"

"Nilikwambia, afande," nikasema.

Sasa nilikuwa nimekumbuka kumwita afande.

Pembeni rubani msaidizi wake, luteni mmoja kijana wa kiume, alikuwa ameinama anatapika. Alikuwa amevaa visikilizio, alisikia kila neno. Kapteni akamgeukia. Luteni akajifuta mdomo, akasema yeye alikuwa anashughulika na vyombo, hakusikia vizuri. Niliona uso wa kapteni ulivyobadilika aliposikia hivyo. Sisi alishatujua sisi ni nani. Yule alikuwa mtu wake.

Lilikaa baraza la uchunguzi. Nilisubiri kwenye benchi nje ya chumba, dirisha likiwa wazi kwa ajili ya joto, na nikasikia maswali aliyoulizwa. Walimwuliza aliolewa lini. Walimwuliza kama ana mimba. Walimwuliza kama siku ile alikuwa kwenye siku zake, na ndani mle mtu akacheka, kicheko kilekile cha kwenye hema letu. Walimwuliza kama mikono yake ina nguvu ya kutosha kwa ndege kubwa. Kila swali alijibu jambo moja: "Niliuliza upepo mara mbili." Mwishowe mkubwa mmoja akamwambia, "Kapteni, hilo tumelisikia." Naye akasema, "Hamjalisikia, ndiyo maana nalirudia."

Nilipoitwa mimi nilikaa dakika chache tu. Waliniuliza, nikajibu, wakanishukuru. Hakuna aliyeniuliza mara mbili. Nilikuwa nimeandaa uongo mrefu, na mwingi wake sikuuhitaji. Walikuwa wanaujua tayari kabla sijaingia. Walihitaji tu mtu wa kuutamka.

Aliondolewa kwenye ndege. Wakampeleka stoo ya mablanketi na viatu, huko ndiko alikomalizia utumishi wake. Wasichana wawili waliokuwa kwenye mafunzo ya urubani nyuma yake wakahamishiwa ofisini kuchapa barua. Mimi mwaka uliofuata nikawa sajini. Sherehe yake ilikuwa hapahapa nyumbani, mbuzi wawili, wewe ukiwa mgongoni kwa bibi yako. Siku ile ndiyo nilisimulia hadithi ile kwa mara ya kwanza. Waliponiuliza ndege ilikuwaje, nikanyoosha mikono kama mabawa.

Athumani hakutembea tena. Nilikuwa namtembelea kila nikipata likizo, unakumbuka, nilikuwa nakuchukua. Wakati wewe unacheza na Shukuru, yeye alikuwa anamlaani yule mwanamke. Alimlaani kila siku. Alikuwa anasema, "Angekuwa mwanaume pale mbele, leo ningekuwa nalima." Nami nilikuwa namshika bega, namwambia, "Kweli ndugu yangu." Nilikuwa namgeuza kitandani, nasafisha vidonda vyake, watu wananisifu kwa moyo wangu. Mkewe alikuwa ananiita malaika. Nilikunywa uji mikononi mwa mama yule kwa miaka kumi na tano.

Athumani alipofariki, miaka minne iliyopita, Kapteni Leokadia alikuja mazishini. Wewe ulikuwa shule. Alikuja peke yake kwa bodaboda, amejifunga kanga kama mwanamke mwingine yeyote, akaketi na akina mama. Hakuna aliyemjua. Mimi nilimjua. Mke wa marehemu alikuja kuniuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, yule mgeni ni nani?" Ningeweza kusema sijui. Nilimwambia.

Sijui kwa nini nilimwambia. Nimejiuliza sana. Nadhani niliogopa kwamba akikaa pale ataongea.

Mjane alimwendea akasimama mbele yake. "Umekuja kumalizia?" Akina mama wakageuka. "Ulimvunja, sasa umekuja kuona kama amekufa vizuri?" Mmoja akamvuta mtandio, mwingine akammwagia maji ya kunawia. Alinyanyuka, maji yanamchuruzika, akatoka uani. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kaburi na koleo mkononi. Nilichota udongo.

Nilimkuta barabarani baadaye, bado anasubiri usafiri. Ningeweza kupita. Nilisimama kwa sababu aliniita, "Koplo." Nilikuwa sajini meja wakati ule.

"Athumani alijua?" akaniuliza.

"Hapana."

"Hata mwisho?"

"Hata mwisho."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi amekufa akimchukia mtu asiyemkosea, na akikupenda wewe. Mimi ulininyima kazi, koplo. Yule ulimnyima hata hasira yake."

Bodaboda ikaja akapanda. Sijapata usingizi mzuri tangu siku ile, lakini sikuinua hata kidole. Mtu anaweza kujisikia vibaya miaka minne bila kufanya lolote. Mimi ni shahidi.

Sasa nakuja kwako. Ulipomaliza kidato cha sita ukasema unataka urubani, nilicheka mbele ya wajomba zako. Nikasema, "Huyu anataka kwenda kutuulia watu." Ukaondoka, sahani yako ikabaki imejaa. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba ile barua ya kukuita kwenye usaili mwaka juzi haikupotea ofisini kwa mtendaji wa kata. Aliniletea mkononi. Niliifungua, nikaisoma jikoni, nikaitia kwenye moto wa mafiga. Wiki nzima ulikuwa unakwenda ofisini kwake kuuliza, ukirudi umevimba macho, na mimi nikakwambia serikali ndivyo ilivyo. Yule mtendaji ulimtukana njiani. Nilikulazimisha ukamwombe radhi, naye kwa kunistahi mimi alinyamaza.

Nitakwambia nilichokuwa nakifikiri, usikichukue kama kisingizio. Sikufikiri kwamba huwezi. Wewe hesabu unazimaliza kabla mwalimu hajashusha chaki, kile kilichonishinda mimi wewe umezaliwa nacho. Nilikuwa nakuona umekaa pale mbele, unashuka kwenye vumbi, unauliza upepo. Na anayekujibu ni mimi. Ni kijana mwenye sauti nzuri na wenzake wanne nyuma yake. Niliogopa watu wa aina yangu, na badala ya kuwazuia wao nikakuzuia wewe. Nyuma ya hofu hiyo palikuwa na nyingine ndogo na chafu zaidi, kwamba ukifika huko utaisikia hadithi hii kwa wanaoijua.

Ukaomba tena kimya kimya, kwa anwani ya shangazi yako. Umeshinda. Kesho unaondoka.

Sina ushauri mwingi. Kitu kimoja nakijua kwa sababu nilikuwa upande ule mwingine wa redio. Huko uendako wengi watakutendea vizuri, na wale wabaya hawatakuja wamekunja ngumi. Watakuja wanacheka. Watakuita mama, dada, mrembo. Kila mmoja wao atakuwa na mwenzake nyuma anayemtaka acheke, na hakuna atakayejiona ni mkatili, kwa sababu hata mimi sikujiona. Ukisikia jina lako limebadilishwa redioni, wewe tazama kitambaa mwenyewe. Zunguka mara ya pili. Wakikuita mwoga, zunguka mara ya tatu.

Na siku nyingine utakosea kweli, kwa kosa lako mwenyewe, kama kila anayejifunza. Litasimuliwa kama kosa la wanawake wote. Lichukue liwe lako peke yako, ujifunze, upande tena.

Lakini lililonifanya nikae juu ya magunia haya ni jingine. Utakuwa na wenzako. Utataka wakupende, baada ya kudharauliwa utalitaka sana hilo. Ipo siku mtakuwa mmekaa pamoja na mtu mwingine ndiye anayechekwa, labda kwa kabila lake, labda kwa sauti yake, na kitufe kitakuwa chini ya kidole chako. Hapo ndipo naomba unikumbuke. Wewe ni damu yangu, Zuhura, na kucheka na wengi ni jambo linalotuingia haraka.

Wiki iliyopita nilikwenda Ikungi. Nilimkuta mke wa Athumani anapeta mtama, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuthubutu kukaa. Hakusimamisha ungo. Nilipomaliza akauliza, "Miaka yote ulikuwa unamgeuza kitandani, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ondoka. Na nikifa, usikanyage." Shukuru alinisindikiza mpaka njiani, akanitemea mate shingoni. Sikuyafuta mpaka nilipofika Singida mjini.

Juzi nikaandika maelezo mapya, nikaweka jina, namba yangu ya jeshi na sahihi, nikataja waliokuwepo, nikayapeleka posta kwa mkono wangu yaende jeshini. Hayarudi tena. Yanaweza kukufikia huko. Mkufunzi anaweza kukuuliza wewe ni Ntandu wa yule Ntandu. Jibu utakalo. Ukitaka kutumia jina la babu yako upande wa mama, sitalalamika. Mama yako nitamwambia kesho nikitoka stendi, na sijui kama nitakuwa na mahali pa kula kesho mchana.

Jana nilipata namba ya Kapteni Leokadia kwa mstaafu mmoja. Nilimpigia nikiwa shambani. Nilimwambia jina langu, nikamwambia nimeandika ukweli wote na umeshakwenda, kwamba sasa watajua aliuliza upepo mara mbili.

Akasema, "Koplo, nina miaka hamsini na sita. Jicho moja lina mtoto wa jicho. Unataka sasa nikarushe nini?"

Nikamwambia binti yangu anakwenda kusomea urubani. Sijui nilitaraji nini. Labda nilitaka anitumie neno la kukupa.

Akasema, "Mungu amlinde na watu wa chini." Akakata simu.

Baba yako,
Jumanne Ntandu